Lubega Mbele ya Watu: Haya, Amri na Ujasiri wa Vazi

Vazi ni kauli isiyotamkwa, na watu wa pwani hawahitaji kufundishwa hilo. Kwao kanga husema, kanzu humtambulisha mvaaji, na kofia humpa mtu hadhi kabla hajafungua kinywa. Katika Unguja ya karne ya 19 mtumwa alijulikana kwa merikani na kaniki, nguo rahisi kuliko zote, huku kichwa kikiwa wazi na miguu mitupu. Sheria ilipoacha kuutambua utumwa mwaka 1897, wengi waliokuwa watumwa walianza kujivika kanzu na kofia. Wanawake wakajifunga kanga, na baadaye wakajitanda buibui. Kutoka nje kwa mara ya kwanza katika vazi hilo, mbele ya macho ya bwana wa jana, hakukuwa jambo jepesi. Kanzu ile ilikuwa tangazo la uungwana, nalo lilitaka moyo.

Bara, katika nyanda za Karatu na Ngorongoro, historia ya vazi ilikwenda kinyume. Unguja waliudai uhuru kwa kuvaa vazi ambalo hawakuruhusiwa kulivaa. Wafugaji wa Ngorongoro, miaka michache baada ya uhuru wa Tanganyika, walitakiwa kuthibitisha uhuru wa nchi kwa kulivua vazi lao.

Karatu ipo kwenye barabara itokayo Arusha kwenda Ngorongoro. Ni nchi ya Wairaqw, wakulima na wafugaji, ambao wanawake wao walijulikana zamani kwa sketi za ngozi zilizotiwa shanga kwa ustadi mkubwa. Upande wa ziwa Eyasi wako Wadatoga, nao wana mavazi yao ya ngozi. Juu zaidi, kuelekea kreta, ni kwa Wamaasai. Hao pia walivaa ngozi za ng'ombe, kondoo na mbuzi. Katika karne ya 20 nguo za dukani zilichukua nafasi ya ngozi hatua kwa hatua: kwanza pamba iliyopakwa ngeu, kisha shuka nyekundu na za miraba ambazo leo kila mtu huziita za Kimaasai. Namna ya kulivaa vazi hilo ni ile waitayo Waswahili lubega: shuka hupitishwa juu ya bega moja, na mkono mmoja hubaki huru kwa fimbo.

Mwishoni mwa mwaka 1967 na katika mwaka 1968 viongozi wa Mkoa wa Arusha waliendesha kampeni ya kuwabadilisha Wamaasai mavazi. Suruali, shati na gauni ndivyo vilivyohesabiwa kuwa mavazi ya raia. Lubega, ngozi na ngeu vikahesabiwa kuwa alama za kubaki nyuma. Aliyevaa lubega aliweza kukataliwa kupanda basi, na suruali ikawa kama cheti cha kuingilia mjini. Mwaka huohuo wa 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi, nywele za bandia na suruali za kubana. Ajabu ni kwamba binti wa Dar es Salaam alilaumiwa kwa kuiga Ulaya mno, ilhali mchungaji wa Ngorongoro alilaumiwa kwa kutoiga hata kidogo.

Haitakuwa haki kudai kuwa serikali haikuwa na hoja. Watetezi wa kampeni walisema kuwa ukoloni uliwaacha Wamaasai kama maonyesho, wapigwe picha na wageni waliokuja kuwatazama wanyama, na kwamba taifa huru haliwezi kukubali raia wake wawe kivutio. Hoja ilikuwa ya heshima, lakini njia ilikuwa ya fedheha. Ali Mazrui wa Mombasa, katika insha yake ya mwaka 1970 kuhusu mavazi na siasa Afrika, aliliona suala hili kuwa pana kuliko kitambaa. Mzee aliyeshushwa kwenye basi hakufunzwa ustaarabu. Alifunzwa kuuonea haya mwili wake.

Wamaasai hawakuwa wa kwanza kupitia hayo. Baada ya uasi wa mwaka 1745, Bunge la Uingereza lilitunga sheria ya mwaka 1746 iliyowakataza wanaume wa nyanda za juu za Scotland kuvaa kilti na vitambaa vyao vya miraba. Aliyepatikana na kosa alifungwa miezi sita. Akirudia, alipelekwa ng'ambo kwa miaka saba. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1782. Mtu aliyezaliwa baada ya marufuku angeweza kufika umri wa kuoa bila kumwona babaye katika kilti. Kwa hiyo aliyeifunga tena na kutoka nje alibeba kiunoni kumbukumbu ya kifungo.

Mwaka 1822 Mfalme George IV alizuru Edinburgh naye mwenyewe akavaa kilti. Vazi la waasi likawa vazi la sherehe. Lakini miaka hiyohiyo, hasa katika Sutherland, wakulima wadogo wa nyanda za juu walikuwa wakiondolewa katika ardhi yao ili kupisha kondoo. Kilti ilikaribishwa ikulu, huku wenye kilti wakifukuzwa majumbani.

Hapo ndipo kisa cha Scotland kinapoikuta Ngorongoro. Lubega haikufa kwa amri. Leo shuka nyekundu hutundikwa katika maduka ya kando ya barabara Karatu, watalii huinunua, na picha ya mvaaji wake hupamba matangazo ya safari. Kile ambacho kampeni ya 1968 ilidai kukizuia kimekuwa biashara. Lakini wenye vazi hilo, ambao sheria ya mwaka 1959 iliyounda hifadhi iliwaachia haki ya kuishi humo baada ya kuondoka Serengeti, wanaishi katika mashaka. Mwaka 2022 kaya zilianza kuhamishiwa Msomera, mkoani Tanga. Serikali ilisema ni kwa hiari, wakazi wengi wakalalamika kuwa huduma zilipunguzwa ili wachoke. Agosti 2024, baada ya tangazo la kufuta vijiji vyao, maelfu walijitokeza barabarani ndani ya hifadhi wakiwa katika shuka zao. Mahakama Kuu, Arusha, ililisimamisha tangazo hilo mwezi huohuo.

Wahenga walisema mwacha mila ni mtumwa. Historia ya lubega inaongeza jambo moja. Mila inaweza kuachwa huru na mwenye mila asiwe huru, na vazi likapendwa na watu wasiompenda mvaaji. Ujasiri wa mwaka 1968 ulikuwa ni kusimama kituo cha basi katika lubega na kungoja kukataliwa. Wa leo ni kusimama katika lubega ileile, mbele ya kamera zinazoifurahia, na kutaka kusikilizwa kama raia mwenye ardhi, wala si pambo la njia ya kreta.