Mji uliopiga kura kumnunua Picasso

Jumapili ya tarehe 17 Desemba 1967, wakazi wa Basel nchini Uswisi walijibu swali ambalo serikali chache duniani zimewahi kuwauliza raia wake. Je, faranga milioni 6 za kodi yao zitumike kununua michoro miwili ya Pablo Picasso? Kura zilipohesabiwa, 32,118 zilisema ndiyo na 27,190 zilisema hapana. Mji ukanunua michoro.

Kwa Mswisi, kupigia kura matumizi ya serikali si ajabu. Nchi ile imegawanyika katika kantoni, na kila kantoni ina katiba yake, bunge lake dogo na hazina yake. Wakubwa wakitaka kujenga hospitali, daraja au shule inayozidi kiwango fulani cha fedha, uamuzi wao unaweza kupelekwa kwa wananchi. Kwingine sheria inalazimisha kura moja kwa moja; kwingine inasubiri wananchi wakusanye saini za kutosha katika muda uliowekwa. Saini zikitimia, mradi unasimama hadi kura ipigwe, na ikitoka hapana, umekufa. Watu wamezoea kupata bahasha zenye maswali ya mifereji ya maji taka na reli za tramu. Picasso ndiye aliyekuwa mgeni.

Chanzo cha yote ni ajali ya ndege.

Usiku wa tarehe 20 Aprili 1967, ndege ya kampuni ya Globe Air iliyotoka Bangkok ikielekea Basel ilianguka karibu na Nicosia, Kisiwa cha Cyprus, katika mvua ya radi. Kati ya watu 130 waliokuwemo, 126 walikufa. Globe Air ilikuwa kampuni ya Basel ya kubeba watalii, na kabla ya mwaka kwisha ilikuwa imefilisika. Mwenye hisa nyingi alikuwa wa familia ya Staechelin, na familia hiyo ilikuwa na hazina ya aina nyingine. Mfanyabiashara Rudolf Staechelin, aliyefariki mwaka 1946, alikuwa amekusanya kazi za Van Gogh, Gauguin, Cézanne na Picasso wakati bei zake zilikuwa bado za kawaida. Nyingi kati ya hizo zilikuwa zimetundikwa kwa miaka mingi katika Makumbusho ya Sanaa ya Basel, kwa mkopo. Watu walipita mbele yake kila Jumapili na watoto wao, na wengi walidhani ni mali ya mji.

Hazikuwa mali ya mji. Madeni yalipobana, wakfu wa familia ulianza kuuza. Mchoro wa Van Gogh ukaondoka. Kisha zikafuata habari kwamba Picasso wawili wako njiani: *Ndugu Wawili* wa mwaka 1906, kijana aliyembeba mdogo wake mgongoni, na *Harlequin Aliyeketi* wa mwaka 1923, mtu aliyevaa nguo za mchekeshaji wa jukwaani, rangi zikiwa zimekamilishwa sehemu tu na kwingine kuachwa mistari mitupu. Wanunuzi wa ng'ambo walikuwa tayari. Wakfu ukakubali kuyauzia makumbusho michoro yote miwili kwa faranga milioni 8.4.

Hapo inafaa kurudi nyuma kidogo, maana Basel haikuanza tabia hii mwaka 1967. Mwaka 1661 mji na chuo kikuu chake vilinunua mkusanyo wa familia ya Amerbach, uliokuwa na kazi nyingi za Hans Holbein, kwa sababu uliogopewa kuuzwa Amsterdam. Miaka kumi baadaye ukafunguliwa kwa watu. Kwa hiyo Basel hujivunia kuwa na mkusanyo wa sanaa wa umma wa zamani kuliko wote duniani. Na mwaka 1939, utawala wa Hitler ulipokuwa ukitupa nje ya makumbusho ya Ujerumani kazi ulizoziita za kuoza, mkuu wa makumbusho ya Basel, Georg Schmidt, aliomba serikali ya kantoni faranga 50,000 na akazitumia kununua kazi 21. Leo ni miongoni mwa nguzo za makumbusho hayo. Nani angeamini kwamba mwaka ule, vita vikinukia mpakani, kuna serikali iliyokubali kutoa fedha kwa ajili ya picha?

Basi bunge la kantoni lilipoletewa ombi mwaka 1967 lilikuwa na mfano wa kufuata. Liliidhinisha milioni 6 bila ubishi mkubwa, kwa sharti kwamba milioni 2.4 zilizobaki zitafutwe kwa michango. Wanasiasa wa kulia na wa kushoto walikuwa kitu kimoja, na kama mambo yangeishia bungeni, kisa hiki kingekuwa aya moja katika kumbukumbu za bajeti.

Aliyekiharibu, au tuseme aliyekipa uhai, ni mwenye gereji mmoja mjini aliyeona kwamba milioni 6 kwa vipande viwili vya turubai ni kufuru. Yeye na wenzake walianza kukusanya saini, na zikatimia. Hoja zao hazikuwa za kijinga, na watu wa sanaa waliozicheka walikosea. Mji una watu wasio na nyumba nafuu, walisema. Una wazee na wagonjwa. Kwa nini fedha za mfanyakazi ziende kuokoa mali ya tajiri ambaye kampuni yake imefilisika? Hilo la mwisho ndilo lililochoma zaidi, na mpaka leo ukisoma habari ile unaona ugumu wa kulijibu. Fedha kweli zilikuwa zinakwenda kwa wakfu wa familia.

Lakini saini zile ziliwalazimisha waliotaka michoro kushuka barabarani. Mkuu wa makumbusho wakati huo, Franz Meyer, na marafiki zake wasingeweza tena kuzungumza na madiwani peke yao chumbani. Ilibidi wazungumze na dereva wa tramu na muuza mkate. Vijana wakaingia: wanafunzi, wapiga muziki, watu ambao hawakuwahi kuhesabiwa miongoni mwa wapenzi wa sanaa. Wakavaa beji zenye maneno ya utani yaliyogeuzwa kutoka wimbo wa Beatles uliovuma mwaka ule: Pablo akawekwa mahali pa upendo.

Kisha ikaja siku ambayo watu wa Basel bado huisimulia. Jumamosi ya tarehe 25 Novemba walifanya Tamasha la Ombaomba. Kwetu tungeliita harambee, na neno lingefaa kabisa. Mji mzima uligeuka uwanja wa kuchangisha: watu waliuza vyakula na vinywaji, walicheza, walitumbuiza na kupitisha kofia, huku watu wenye vyeo wakifanya kazi ndogondogo za mtaani ili mpita njia atoe sarafu. Basel ina desturi ya kanivali inayojulikana kwa filimbi na ngoma, kwa hiyo kujaza mitaa haikuwa taabu. Michango ya siku ile, pamoja na ya watu binafsi na makampuni makubwa ya mji ule wa viwanda vya dawa na kemikali, ilikamilisha milioni 2.4. Wiki tatu kabla ya kura, nusu ya hoja ya wapinzani ilikuwa imeyeyuka: haikuwezekana tena kusema kwamba hakuna anayeitaka michoro isipokuwa wakubwa.

Kuna jambo moja ambalo wasimulizi wengi hulipita haraka. Wanawake walipiga kura siku ile. Kantoni ya mji huo, Basel-Stadt, ilikuwa imewapa haki hiyo Juni 1966, ya kwanza ya Uswisi inayozungumza Kijerumani kufanya hivyo, miaka mitano kabla ya nchi nzima kuwaruhusu mwaka 1971. Kama ajali ile ingetokea miaka miwili mapema, swali la Picasso lingejibiwa na wanaume peke yao.

Tofauti ilikuwa chini kidogo ya kura 5,000. Ndiyo ilipata asilimia 54, ushindi lakini si wa kishindo. Watu 27,190 walikataa, na hawakubadili mawazo kwa sababu tu wenzao walicheza ngoma.

Habari zilimfikia Picasso mwenyewe huko Mougins, kusini mwa Ufaransa. Alikuwa na umri wa miaka 86. Siku chache baada ya kura alimwita Franz Meyer nyumbani kwake na kuzawadia mji ule kazi nne: mbili mpya alizokuwa amezichora mwaka uleule, moja ya mwaka 1906, na mchoro wa maandalizi ya *Demoiselles d'Avignon*. Mfadhili wa Basel, Maja Sacher, naye akaongeza *Mshairi* wa mwaka 1912. Mji uliokuwa umepiga kura kwa ajili ya michoro miwili ukawa na saba. Bei ikawa kicheko.

Mwisho mzuri kama huu unaweza kumdanganya msomaji aone kwamba wananchi wakiulizwa hukubali. Wapi! Zürich, saa moja tu kwa treni kutoka Basel, ilikataa kuweka tramu chini ya ardhi mwaka 1962, ikakataa tena mradi wa reli ya chini ya ardhi mwaka 1973. Mwaka 1981 wapiga kura walipewa mpango mwingine, wa treni za mji zinazotumia reli zilizopo pamoja na mahandaki mapya, wakaukubali. Treni hizo zilianza mwaka 1990, na leo ni vigumu kuifikiria Zürich bila hizo. Kukataliwa mara mbili kuliwafanya wahandisi wafikiri upya.

Denver, Marekani, mambo yalikwenda kinyume. Mwezi Mei 1970 mji huo ulipewa Olimpiki ya majira ya baridi ya mwaka 1976, wakubwa wakiwa wameshaahidi kila kitu kabla ya kumuuliza mlipa kodi. Walipoulizwa mwezi Novemba 1972, wapiga kura wa jimbo la Colorado walikataa kutoa fedha za umma, takriban watu sita kwa kila kumi. Denver ikairudisha michezo, ikawa mji wa kwanza kufanya hivyo baada ya kuishinda zabuni, na Innsbruck ya Austria ikaandaa. Mmoja wa viongozi wa upinzani ule, mbunge kijana wa jimbo aitwaye Dick Lamm, alichaguliwa kuwa gavana miaka miwili baadaye. Na mwaka 2019 wakazi wa Denver walipitisha sheria kwamba fedha za mji zisiguswe tena kwa ajili ya Olimpiki mpaka wao wakubali kwanza.

Tofauti ya Basel na Denver haiko katika jibu. Basel iliulizwa kabla ya hundi kuandikwa, na waliotaka fedha walikuwa na wiki kadhaa za kubishana, kuchangisha na kueleza. Denver iliulizwa wakati aibu ya kurudi nyuma ilikuwa tayari imo ndani ya bei.

Huko Basel, kazi zilizobaki za familia ya Staechelin ziliendelea kukaa katika makumbusho ya Basel kwa mkopo, kama zamani. Miongoni mwake ulikuwamo mchoro wa Gauguin wa mwaka 1892 wa wanawake wawili wa Tahiti, *Nafea Faa Ipoipo*. Mwaka 2015, baada ya mvutano na makumbusho, wakfu uliondoa mkusanyo wake. Gauguin yule akauzwa, kwa mujibu wa vyombo vya habari, kwa mnunuzi wa Qatar. Kesi iliyofuata mahakamani London ilionyesha kwamba bei ilikuwa dola milioni 210. Hakuna aliyeulizwa Basel, na hakukuwa na sababu ya kuuliza, kwa kuwa ilikuwa mali ya watu binafsi.

*Ndugu Wawili* na *Harlequin* hawakugusika. Wao ni mali ya umma wa Basel tangu mwaka 1967, na kiwanja kilicho karibu na makumbusho kinaitwa Picassoplatz.