Magogo Yaliyoshuka kwa Waya: Historia ya Mombo na Mkumbara

Abiria wengi wanaijua Mombo kwa mlo wa njiani. Basi la Arusha linaegeshwa, watu wanakula harakaharaka, wengine wananunua mapeasi yaliyoteremshwa kutoka Lushoto, kisha safari inaendelea. Wachache hugeuza macho upande wa reli, na huko ndiko mji ulikoanzia.

Kabla ya reli, kitovu cha biashara katika tambarare hii kilikuwa Mazinde, kaskazini kidogo ya Mombo. Semboja, mwana wa mfalme Kimweri ye Nyumbai, aliacha baridi ya milima ya Usambara akaweka makao hapo, awe karibu na njia ya misafara ya pembe za ndovu iliyotoka Pangani. Vuga, mji mkuu wa kule milimani, ilibaki na heshima ya ufalme wa Wakilindi; Mazinde ikawa na bunduki na bidhaa.

Wajerumani walianza kutandika reli Tanga mwaka 1893. Kazi ilikwenda kwa kusuasua: Korogwe ilifikiwa 1902, Mombo 1905, Moshi 1911. Kwa miaka kadhaa Mombo ndiyo ilikuwa mwisho wa reli, na shehena za walowezi wa Wilhelmstal, Lushoto ya leo, zilipakuliwa hapo ili zipandishwe kwa barabara ya Soni.

Reli iliposogea mbele ilizaa kituo kingine kidogo, Mkumbara, na hapo ndipo penye kisa kikubwa zaidi. Juu ya Mkumbara, kule Shume, kulikuwa na msitu wa mierezi, miti ambayo Wasambaa huiita mwangati. Kampuni ya Wilkins & Wiese iliutaka msitu huo, ikaweka kiwanda cha mbao mahali ilipopaita Neu-Hornow. Tatizo lilikuwa kuteremsha mbao. Ukisimama Mkumbara ukatazama juu, mlima umesimama wima kama ukuta. Barabara ya magari ya kukokotwa na ng'ombe isingefua dafu. Kampuni ya Adolf Bleichert ya Leipzig, mabingwa wa njia za waya duniani wakati ule, ikajenga njia ya waya, iliyokamilika karibu na mwaka 1910. Ilikuwa na urefu wa kilomita 9 hivi na ilishuka takriban mita 1,500.

Utaratibu wake ulikuwa wa werevu. Waya mnene ulitulia juu ya nguzo, na vigari vilining'inia kwenye waya huo kwa magurudumu yake. Waya wa pili, mwembamba, ndio uliotembea na kuvivuta. Kigari chenye shehena kikishuka, uzito wake ulisaidia kukipandisha kitupu cha upande wa pili. Kazi ngumu zaidi haikuwa kuvuta, ilikuwa kufunga breki. Mti uliosimama kwenye ukungu wa Shume uliweza kufika Mkumbara kwenye joto la tambarare, ukapakiwa kwenye behewa la kwenda bandari ya Tanga, bila gurudumu kugusa barabara.

Sifa za uhandisi zisitusahaulishe mikono ya watu. Katika wilaya ya Wilhelmstal utawala ulitumia kadi za kazi: mwanamume Msambaa alipewa kadi, akatakiwa kuijaza siku 30 za kuwatumikia Wazungu ndani ya miezi minne. Historia ya waya isiyotaja kadi ni nusu ya historia.

Vita vya Kwanza vya Dunia vikaja. Juni 1916 majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali Smuts yaliingia Mombo, mji ambao Wajerumani walikuwa wameuunganisha na Handeni kwa reli nyepesi ya vigari vya kusukumwa.

  

Je, mabaki ya reli na waya huo ni urithi? Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inavilinda moja kwa moja vitu vya kale vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Mlango wa mbao wenye nakshi umeongezewa muda hadi 1940. Nguzo ya chuma, kapi la waya na jengo la stesheni vya enzi ya Mjerumani haviingii humo mpaka Waziri avitangaze. Huo ni upungufu wa wazi: nchi iliyojengwa na reli inaulinda mlango kuliko reli. Wajerumani wenyewe walikifikisha kiwanda chao cha chuma cha Völklingen kwenye orodha ya UNESCO mwaka 1994.

Treni ya abiria ya Dar es Salaam hadi Moshi ilirejea Desemba 2019, na njia yake inapita hapahapa. Mkumbara iko Korogwe, Shume iko Lushoto. Waya ulikuwa mmoja, halmashauri ni mbili. Zikae pamoja na Idara ya Mambo ya Kale, wapime njia nzima kutoka chini hadi juu, warekodi wazee wa ncha zote mbili, kisha wapeleke maombi kwa Waziri kabla wanunuzi wa vyuma chakavu hawajawatangulia.