Datsun 240Z na Ubishi wa Wenye Kuitengeneza

Ni magari machache ya Kijapani yaliyojipatia jina katika matope na vumbi la Afrika Mashariki kama Datsun 240Z. Mashindano ya Safari yalianzishwa mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, na hapo kwanza magari ya Ulaya ndiyo yaliyotamba. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda kwa 240Z, na Shekhar Mehta akawafuata kwa gari la aina hiyo hiyo. Mwaka 1973 ukawa wake Mehta. Mzaliwa huyu wa Uganda, ambaye jamaa zake walikuwa wameihama nchi hiyo siku za Idi Amin, alilingana kwa pointi na Harry Källström, mwenye Datsun vilevile, kisha kanuni za mashindano zikampa yeye ushindi.

Walakini gari lenyewe halikubuniwa kwa ajili ya mashimo ya Kenya. Lilitolewa Japani mwaka 1969 kwa jina la Fairlady Z, nia kubwa ikiwa ni soko la Marekani, ambako Yutaka Katayama, msimamizi wa biashara ya Nissan, husemekana alilikataa jina hilo, akaona tarakimu zatosha. Bei ya mwanzo ilikuwa dola 3,526. Kwa fedha hiyo mnunuzi alipata injini ya lita 2.4, yenye silinda sita katika mstari mmoja na nguvu ya farasi 151 kwa hesabu ya siku zile, iliyoyasukuma magurudumu ya nyuma, na kila gurudumu lilikuwa na springi yake.

Si ajabu kwamba watu walilikimbilia. Ajabu ni yaliyofuata. Sheria za Marekani juu ya moshi na usalama zilipokazwa, 260Z na 280Z zilizokuja nyuma yake zikawa nzito, zenye bampa kubwa. Lakini injini ya 280Z ilikuwa ya lita 2.8 na ya ukoo ule ule. Ikaingia mahali pa ile ya kwanza pasipo taabu kubwa. Basi wenye 240Z wakachukua moyo wa ndugu mdogo wakautia katika mwili mwepesi wa kaka. Juu yake wakafunga kabureta za awali, maana zile bapa za 260Z hazikupendwa na mafundi. Gia nne zikapisha gia tano. Breki za mbele nazo zikabadilishwa, zikafungwa za pikapu ya Toyota. (Msomaji wa Afrika Mashariki aweza kucheka: gari la fahari likiazima breki kwa gari la mizigo!) Hayo yote ni mepesi kando ya kutu, ambayo hula sakafu na chini ya betri, aghalabu kuchomelea humgharimu mwenye gari kuliko injini.

Wapo wasiotaka hata skrubu iguswe, na soko huwaunga mkono: mwezi Januari 1970 haukuwahi kuota bei ya Januari 2020, ambapo 240Z moja iliyobaki karibu kama ilivyotoka kiwandani iliuzwa mnadani kwa dola 310,000. Hata hivyo hoja yao ina udhaifu. Magari ya Safari yenyewe yalikuwa yamebadilishwa, yakaongezwa taa na kuimarishwa tumbo, na Nissan ndiyo iliyofanya hivyo. Kosa halimo katika kubadili, bali katika kuitupa injini ya kale bila hata kuandika namba yake. Atakayetaka kujua kesho jinsi kiwanda kilivyofanya kazi mwaka 1970 hatakuwa na cha kushika.

Tangu mwaka 2003 yamekuwapo mashindano ya Safari ya magari ya kale, na 240Z zimerudi kukimbia katika njia za Kenya. Lile la mwaka 1971 halimo miongoni mwao. Limehifadhiwa na Nissan huko Zama, Japani.