Uongo wa Kwetu na Uongo wa Kwao

Miongoni mwa ahadi za mwanachama ambazo CCM iliirithi kutoka TANU, imo ahadi ya kusema kweli daima na kuifanya fitina kuwa mwiko. Ahadi hiyo haikuwekewa masharti. Haisemi kweli isemwe pale inapomuumiza mpinzani tu, wala haisemi inyamaziwe pale mwenzetu anapobanwa. Hata hivyo, historia ya siasa zetu tangu mwaka 2007 inaonyesha kwamba vyama vyetu, kinachotawala na vinavyopinga, vimetembea na mizani mbili: moja ya kupimia uongo wa kwao, nyingine ya kupimia uongo wa kwetu.

Kisa cha kwanza kinatugusa sisi wa Kagoma na Kagera yote. Agosti 2007 Zitto Kabwe, wakati huo mbunge wa Kigoma Kaskazini kwa tiketi ya Chadema, aliliomba Bunge liunde kamati teule kuchunguza mkataba wa mgodi wa dhahabu wa Buzwagi, uliosainiwa London Februari mwaka huo. Aliyeusaini kwa niaba ya Serikali ni Nazir Karamagi, Waziri wa Nishati na Madini na mbunge wa Bukoba Vijijini. Zitto alidai kwamba waziri hakuliambia Bunge ukweli. Bunge, ambalo wabunge wake walio wengi walikuwa wa CCM, liliikataa hoja, kisha likamgeukia mtoa hoja. Likaamua kuwa yeye ndiye aliyesema uongo, na likamsimamisha hadi Januari 2008.

Sisemi kwamba waziri alidanganya. Ninachosema ni kwamba Bunge lilijinyima njia ya kujua. Kamati teule ingeweza kumsafisha waziri kwa ushahidi, au kumweka wazi kwa ushahidi huo huo. Badala yake ukweli ulipigiwa kura, na kura zikahesabiwa kwa vyama. Huku kwetu liliongezeka jingine: waziri alikuwa mtoto wa nyumbani, na wapo waliomtetea kwa sababu hiyo tu. Miezi mitatu baadaye Rais Jakaya Kikwete alimteua Zitto yule yule katika kamati ya Jaji Mark Bomani ya kuipitia sekta ya madini. Mtu aliyehesabiwa mwongo mwezi Agosti akaaminiwa mwezi Novemba.

Kisa cha pili kinaupima upinzani. Tarehe 15 Septemba 2007, katika viwanja vya Mwembe Yanga, Temeke, Dk. Willibrod Slaa wa Chadema alisoma majina 11 ya watu aliowatuhumu kwa ufisadi. Karamagi alikuwamo. Alikuwamo pia Edward Lowassa, aliyekuwa Waziri Mkuu. Baadhi ya waliotajwa walitishia kwenda mahakamani. Wapinzani waliishika orodha ile kama msahafu.

Februari 2008 kamati teule ya Bunge iliyoongozwa na Dk. Harrison Mwakyembe ilisoma ripoti yake kuhusu mkataba wa umeme wa dharura wa kampuni ya Richmond. Lowassa akajiuzulu, akisema amebeba dhamana ya kisiasa na kwamba hakupewa nafasi ya kusikilizwa. Karamagi naye akajiuzulu. Hapa haki itendeke: Mwakyembe alikuwa mbunge wa CCM, na wajumbe wengi wa kamati ile walikuwa wa CCM. Kwa hiyo tunajua kwamba inawezekana kumhoji mtu wa chama chako bila kukihama chama.

Kisha ukaja mwaka 2015. CCM ilimkata Lowassa katika mchujo wa Dodoma mwezi Julai, naye akahamia Chadema. Siku chache baadaye akawa mgombea urais wa UKAWA. Orodha ya Mwembe Yanga ikanyamaziwa na wale wale walioisambaza. Dk. Slaa alipotangaza Septemba 1 kuwa anaachana na siasa za vyama kwa kutokubaliana na uamuzi huo, waliomwita shujaa kwa miaka minane wakamwita msaliti. Upande wa pili nao ukageuka. Wapiga debe wa CCM, waliokaa na Lowassa katika chama kimoja miaka saba baada ya Richmond, wakagundua ghafla kuwa yeye ni fisadi, na Slaa akawa mkweli. Lowassa akapata asilimia 39.97 ya kura. Machi 1, 2019 akarudi CCM, akapokelewa kwa shangwe. Neno fisadi likafutika upande mmoja, likarejea upande wa pili. Alifariki Februari 10, 2024, bila mahakama yoyote kumtia hatiani wala kumsafisha.

Mtu ni yule yule, na ripoti ni ile ile. Kilichobadilika ni rangi ya shati.

Yupo atakayesema kwamba mwanasiasa ana haki ya kubadili msimamo. Ni kweli. Lakini anayebadili msimamo kwa uaminifu hueleza kipi kipya alichokijua. Mwaka 2015 Chadema haikutuonyesha ushahidi mpya unaoifuta orodha yake, na mwaka 2019 CCM haikutuonyesha ushahidi unaoyafuta maneno ya majukwaa yake. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Aliyelipia gharama ya mizani hizi ni mwananchi. Mkataba wa Richmond ulihamishiwa kampuni ya Dowans, na Novemba 2010 mahakama ya usuluhishi wa kibiashara ya kimataifa iliiamuru TANESCO kuilipa Dowans takriban shilingi bilioni 94. Deni hilo halikuuliza nani ni wa chama gani. Lakini swali la nani hasa alituingiza humo limekosa muulizaji, kwa kuwa kila upande umewahi kumshitaki mtu yule yule na umewahi kumtetea.

Hasara nyingine hutokea ofisini kimyakimya. Mtumishi wa umma anayekagua hesabu za halmashauri akijua kwamba ripoti yake itapimwa kwa kuuliza inamnufaisha nani, atajifunza kuandika ripoti isiyomgusa mtu. Mwanafunzi anayeona hivyo atajifunza kwamba ukweli ni silaha ya kuazimwa, si deni la kulipwa.

Wanafunzi wangu huwapa zoezi dogo. Ukisikia tuhuma, iandike upya ukibadilisha jina la chama tu, kisha ujiulize kama hukumu yako imebaki ile ile. Ikibadilika, ulichokuwa unakipima ni chama, wala si ukweli. Zoezi hilo halihitaji shahada. Linaweza kufanyika kijiweni Kagoma, kwenye baraza la madiwani Muleba, na hata ndani ya Bunge lenyewe.