Kapasita na Njia za Ziwa

Kompyuta inayofika Magara, kwenye barabara ishukayo kando ya Ziwa Tanganyika kutoka Bujumbura kwenda Rumonge, aghalabu imekwisha kuishi maisha yake ya kwanza mahali pengine. Ikigoma kuwaka, mara nyingi anayelaumiwa ni kikopo kidogo cha alumini kilichovimba kichwa: kapasita. Kikopo hicho ni cha bei ndogo, lakini kukichagulia mrithi kunahitaji ujuzi uliokusanywa kwa karibu karne tatu. Kunahitaji pia historia nyingine, ile ya njia zilizoleta bidhaa mwambao huu.

Historia ya kwanza inaanza mwaka 1745, pale Ewald Georg von Kleist, mtu wa kanisa huko Pomerania, alipogundua kwamba chupa ya kioo yenye kimiminika inaweza kuhifadhi umeme na kumpiga anayeigusa. Miezi michache baadaye Pieter van Musschenbroek alipata matokeo yaleyale katika mji wa Leiden, na chupa ikachukua jina la mji huo. Kanuni yake haijabadilika mpaka leo: vipitishi viwili, na katikati kizuizi kisichopitisha umeme. Katika miaka ya 1830 Michael Faraday alionyesha kwamba aina ya kizuizi ndiyo huamua kiasi kinachohifadhika, na kipimo cha faradi kikapewa jina lake. Faradi moja ni kubwa mno kwa kazi za kawaida. Ndiyo maana mafundi huhesabu kwa mikrofaradi, yaani sehemu moja ya milioni.

Katika karne ya 19 mwambao wa Rumonge uliutazama mji wa Ujiji. Misafara ya pembe, nguo na watumwa ilitoka pwani ikapita Tabora hadi ziwani, na kutoka hapo mitumbwi ilibeba shehena, Kiswahili na Uislamu kuelekea kaskazini. Reli ya Wajerumani ilifika Kigoma mwaka 1914. Wabelgiji, waliokuwa wameiteka Burundi mwaka 1916, walipata mwaka 1921 haki ya kutumia bandari za Dar es Salaam na Kigoma kupitishia mizigo yao. Kwa miongo mingi baada ya hapo shehena nyingi ya Burundi ilifuata mkondo huohuo: meli, reli, ziwa. Kila kituo huongeza gharama. Mwisho wa njia ndefu hivyo, kitu hafifu kinachohitaji kununuliwa mara mbili huwa ghali kuliko kizuri kilichonunuliwa mara moja.

Wakati reli ikiwa bado ndoto, Karol Pollak, Mpolandi aliyefanya kazi Ujerumani, aliwasilisha mwaka 1896 hataza ya kapasita ya alumini yenye kimiminika cha boraksi. Kizuizi chake kilikuwa utando mwembamba sana wa oksidi juu ya alumini yenyewe, na kwa sababu ya wembamba huo kikopo kidogo kiliweza kuhifadhi umeme mwingi. Mwaka 1925 Samuel Ruben wa Marekani alitengeneza aina iliyoitwa kavu, ingawa ndani yake mlikuwa na karatasi iliyoloweshwa. Redio za majumbani zikaipokea kwa haraka. Kwa maoni yangu hapa ndipo mkataba wote ulipoandikwa: ukubwa wa uwezo ulinunuliwa kwa ufupi wa maisha. Kioo cha Leiden hakizeeki upesi, lakini kimiminika hukauka, na joto huharakisha kukauka huko.

Japani iliupokea mkataba huo na kuusafisha. Kampuni ya kapasita ya Nippon Chemi-Con ilianza mwaka 1931, Nichicon mwaka 1950, Rubycon mwaka 1952. Burundi ilipopata uhuru tarehe 1 Julai 1962, redio ndogo za transista zilikuwa zikienea Afrika nzima, na pamoja nazo akazaliwa fundi redio, ambaye ndiye babu wa fundi kompyuta wa leo.

Kompyuta binafsi zilileta sharti jipya. Apple II ya mwaka 1977, kisha BBC Micro na IBM PC za mwaka 1981, zilitumia pawasaplai inayokata umeme maelfu ya mara kwa sekunde. Katika kazi hiyo mikrofaradi na volti hazitoshi kuielezea kapasita. Ukinzani wake wa ndani ndio huamua kama itapoa au itajipika. Mashine za enzi hiyo zina magonjwa yao. Kwenye BBC Micro kapasita za karatasi za RIFA, zilizokaa mlangoni pa umeme, hupasuka ganda, hunyonya unyevu na hatimaye hutoa moshi mzito. Mahali pake huwekwa kapasita ya plastiki ya daraja X2, kamwe si kapasita ya kawaida yenye volti zinazofanana. IBM PC ilikuwa na kapasita za tantali, ambazo zikifa huleta shoti, na pengine kuwaka. Mstari kwenye kikopo cha alumini huonyesha upande hasi. Kwenye tantali huonyesha upande chanya. Wasiojua tofauti hiyo wameunguza bodi nyingi.

Kisha ikaja miaka ya kufungiwa. Kuanzia Julai 1996 hadi Januari 1999 mataifa jirani yaliiwekea Burundi vikwazo vya biashara. Katika uhaba wa namna hiyo, bodi iliyokufa hugeuka ghala la spea.

Vikwazo vilipoondolewa, tatizo kubwa zaidi lilikuwa tayari linajengwa Asia. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watengenezaji wa Kijapani walikuwa wamebuni kimiminika chenye maji mengi, chenye ukinzani mdogo na bei nafuu. Maji huila alumini na kuzalisha hidrojeni yasipowekewa kemikali za kuyazuia, na kapasita nyingi zilizotengenezwa Taiwan zilikosa kinga hiyo. Inasimuliwa kwamba fomula iliibwa ikiwa pungufu. Simulizi hiyo ilivuma sana, ila haikupata kuthibitishwa. Kisicho na ubishi ni kwamba kati ya mwaka 1999 na 2007 hivi mamilioni ya bodi yalivimba na kuvuja. Mwaka 2005 Dell ilitenga dola milioni 300 kwa ajili ya OptiPlex zake, zikiwemo GX270 na GX280. Kampuni kubwa za Ulaya na Marekani zilibadilishiwa bodi. Aliyekuja kuinunua mashine hiyo baadaye kama mtumba hakuwa na dhamana ya mtu yeyote.

Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, wakati kompyuta za mtumba zikimiminika kupitia Dubai, Mombasa na Dar es Salaam. Soko kuu la Bujumbura liliteketea Januari 2013, na pamoja nalo mitaji ya wafanyabiashara wengi. Uhaba wa fedha za kigeni ukafanya kila agizo la nje kuwa zito. Penye pengo hilo huingia feki: kikopo kidogo kilichofichwa ndani ya ganda kubwa lenye jina la Kijapani.

Fundi wa sasa anachagua chini ya uzito wa mambo hayo yote. Mikrofaradi zibaki zilezile. Volti zilingane au zizidi kidogo. Kipenyo na nafasi ya miguu vikubali tundu. Baada ya hapo vinakuja joto na saa. Kila nyuzi 10 zinazopungua, maisha hukaribia kuongezeka maradufu. Kapasita ya saa 2,000 kwa nyuzi 85, ikifanya kazi kwa nyuzi 65, hukadiriwa saa 8,000, chini ya mwaka mmoja bila kuzimwa. Ya nyuzi 105 yenye saa zilezile hufika 32,000. Katika mwambao wenye joto, ambako umeme hukatika na kurudi, sioni sababu ya kununua ya 85 kwa ajili ya pawasaplai. Kwa bodi iliyo karibu na kichakataji hutafutwa aina ya ukinzani mdogo, kama Panasonic FR au Rubycon ZLH, au ile isiyo na kimiminika, ambayo Sanyo iliitoa mwaka 1983 kwa jina la OS-CON.

Kuchomoa kutoka bodi nyingine bado kunafaa, mradi kipande kiwe cha chapa ya kuaminika, kisiwe cha miaka ile ya kapasita zilizovimba, na kipimwe ukinzani kabla ya kulehemiwa. Bodi zilizotengenezwa kwa soko la Ulaya baada ya Julai 2006 kwa kawaida zina lehemu isiyo na risasi, inayoyeyuka kwenye nyuzi 217 hivi badala ya 183, hivyo chuma cha kulehemu kilicho dhaifu kitang'oa njia za shaba kabla hakijatoa kapasita. Kisichopatikana Bujumbura huagizwa Kariakoo, jijini Dar es Salaam, kije kwa basi kupitia mpaka wa Manyovu na Mugina au kwa chombo cha majini kutoka Kigoma. Kwa kuwa nauli ya kapasita moja na ya ishirini hazitofautiani sana, wenye busara hukusanya orodha ya wateja kadhaa kwanza, wakaagiza kwa pamoja.