Ukurasa Wako Ulipotea Siku Ulipofunguliwa

Watu wangu, leo tuongee historia kidogo, lakini ni historia ya pesa. Ukipita Nyamira mjini, Keroka, Kebirigo ama Ekerenyo, hukosi duka lenye bango limeandikwa jina, namba ya simu, halafu chini kabisa: "Tupate Facebook." Kuna wa mitumba, kuna wa keki, kuna wa saluni, kuna wa vifaranga. Wateja wengine hawajawahi hata kukanyaga hapo. Wanaona picha, wanauliza bei, wanatuma M-Pesa, mzigo unapandishwa matatu, basi.

Sasa siku moja mwenye duka anaamka, anaingiza paswadi, inakataa. Ikifika jioni, ukurasa uleule wenye picha zake unauza simu kwa bei ya kutupa, na watu wanatuma pesa kwa namba asiyoijua. Kesho yake wanakuja dukani kudai. Wana haki gani? Haki yote, kwa macho yao. Jina ni lake, picha ni zake, na wao walimwamini yeye.

Hapo kila mtu hutaja wadukuzi. Wadukuzi wapo, sikatai. Lakini maoni yangu ni haya: kurasa nyingi za biashara ndogo hazipotei siku zinapodukuliwa. Zilipotea siku zilipofunguliwa, kwa sababu zilifunguliwa kwa namba ama barua pepe ya mtu mwingine. Na sisi huku hii si mara yetu ya kwanza. Tumepitia hii kitu mara kadhaa, ilikuwa tu na majina mengine.

Anza na sanduku la posta. Wazazi wetu wanakumbuka barua zilivyofika. Familia nyingi hazikuwa na sanduku lao, kwa hivyo walitumia la shule, la kanisa ama la mwenye duka kubwa sokoni. Jina lako linaandikwa, chini yake "kupitia" fulani, halafu namba ya sanduku. Barua ilikuwa yako, ila ufunguo ulikuwa wa mwingine. Mwalimu mkuu akihamishwa, ama mkosane na mwenye duka, unaenda posta kusema nini? Karani anaangalia daftari, na kwa daftari hakuna jina lako.

Halafu njoo kwa shamba. Hapa Gusii siwezi kuwafundisha. Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa ilipokuja mwaka 1963, na upimaji ukafanywa vijijini, ilibidi kila kipande kiandikwe jina. Mahali pengine likaandikwa la babu, mahali pengine la kaka mkubwa, kwa sababu yeye ndiye alikuwa nyumbani ama ndiye alijua kusoma. Hakuna aliyeona shida, si ni familia moja? Leo babu hayupo, hatimiliki bado ina jina lake, na wajukuu wamejenga, wamepanda chai, wamezika watu wao hapo, lakini kwa karatasi hawapo. Unaweza kulima shamba miaka 40 na daftari lisikujue.

Simu nazo zikafuata njia ileile. Safaricom na KenCell zilianza biashara mwaka 2000, na laini ilikuwa ya kupigia tu. Ukiipoteza, unanunua nyingine. Machi 2007 M-Pesa ikaingia, na ghafla laini ikawa benki. Serikali ikaanza kutaka kila laini iwe na mwenyewe. Mtakumbuka 2022 tulipoambiwa tujisajili upya, tarehe ya mwisho ikawa Aprili 15, ikasongezwa hadi Oktoba 15, na foleni zikajaa. Wengine ndio waligundua laini wanayotumia miaka yote iko kwa kitambulisho cha shemeji.

Wakati huohuo intaneti ilikuwa inashuka bei. Nyaya za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zilifika Mombasa mwaka 2009. Facebook ilikuwa tayari imeanzisha kurasa za biashara mwishoni mwa 2007. Polepole mwenye duka akasikia kwamba kuna mahali unaweza kuweka bidhaa bure. Hakuwa na simu ya kufanya hiyo kazi, kwa hivyo akaenda saiba. Kijana wa saiba akamuuliza, "Una barua pepe?" Hana. Kijana akafungua moja haraka, akaweka namba yake mwenyewe ili kodi ije, akaandika paswadi kwa kikaratasi, akalipwa, kwaheri. Wengine hawakufika hata saiba, waliita tu mpwa aliyemaliza fomu foo.

Mwaka 2020 ikaja Korona. Kisa cha kwanza nchini kilitangazwa Machi 13, na kufikia Machi 27 tulikuwa kwa kafyu. Aliyekuwa anaweka picha kwa raha sasa aliweka kwa lazima. Kurasa ambazo zilikuwa pambo zikawa duka lenyewe. Lakini hakuna aliyerudi nyuma kuangalia daftari linasema nini. Kikaratasi cha paswadi kilishapotea, kijana wa saiba alishaenda Nairobi, na ile namba iliyoandikwa mwanzoni, ikikaa bila kutumika, kampuni ya simu inaweza kumpa mtu mwingine kabisa.

Kwa hivyo kabla ulaumu mdukuzi wa mbali, jua kwamba hata paswadi yenyewe ilianza kwa kuibwa na mtu wa ndani. Chuo cha MIT kule Marekani kilianza kutumia paswadi kwa kompyuta ya pamoja mwaka 1961, chini ya Fernando Corbató, ili kila mtu awe na faili zake na saa zake za kutumia mashine. Mwaka uliofuata, mwanafunzi aliyeitwa Allan Scherr alitaka saa zaidi ya zile alizopewa. Akaiagiza kompyuta ichapishe faili lenye paswadi za wote, na ikachapisha. Hakuvunja mlango. Alikuwa ndani tayari.

Wakubwa pia huvamiwa. Julai 2014 akaunti ya Twitter ya jeshi letu, KDF, na ya msemaji wake Meja Emmanuel Chirchir, ziliingiliwa na watu waliojiita Anonymous. Lakini jeshi la nchi likiandikia kampuni, kampuni inajibu. Wewe na saluni yako pale Miruka utaandikia nani? Hapo ndipo tofauti iko. Mnyonge hana wa kumpigia, ana karatasi tu. Asipokuwa na karatasi, hana kitu.

Na sheria je? Ipo. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018, kifungu cha 14, inasema anayeingia kwa mfumo wa kompyuta bila idhini anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 5, kifungo kisichozidi miaka 3, ama vyote viwili. Lakini soma vizuri. Hiyo inamwadhibu mwizi, haikurudishii ukurasa. Ufunguo uko kwa kampuni ambayo makao yake ni California. Tumeona mahakama zetu zikianza kuigusa: Februari 2023 Mahakama ya Ajira na Kazi pale Nairobi ilisema Meta inaweza kushtakiwa Kenya, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ikakubaliana nayo. Ile ilikuwa kesi ya wafanyakazi waliokuwa wakichuja picha na video mbaya, si ya kurasa za maduka. Ni mlango umefunguka kidogo, lakini mwenye duka hawezi kungoja kesi ya miaka. Kodi ya duka ni mwisho wa mwezi.

Basi ukurasa ukienda, fanya nini?

Kwanza linda wateja, kabla hata ya kulinda ukurasa. Bandika karatasi mlangoni, weka kwa status yako, tuma kwa magrupu ya soko na ya kanisa: "Msitume pesa kwa ukurasa ule." Piga skrinshoti za kila tangazo la wizi na kila namba inayoitisha pesa. Nenda polisi uchukue namba ya OB, na uripoti hizo namba kwa kampuni ya simu. Kesho mteja akidai, unamwonyesha ulitoa onyo saa ngapi.

Pili, jua umepoteza nini hasa. Ukurasa wa Facebook hauna paswadi yake. Unaendeshwa kupitia akaunti za watu binafsi. Kwa hivyo unatafuta kwanza akaunti ya mtu, ndiyo irudishe ukurasa. Tumia simu uliyozoea kuingilia, si ya jirani, kwa sababu mfumo unaitambua. Fungua barua pepe ya zamani: namba ama anwani ikibadilishwa, Facebook na Instagram huwa zinatuma ujumbe kwa anwani ya kwanza wenye njia ya kusema "si mimi." Ukiwahi, unarudisha kila kitu. Usipouona, nenda facebook.com/hacked ama instagram.com/hacked, na uwe tayari kuonyesha kitambulisho.

WhatsApp ni rahisi kidogo, mradi laini iko nawe. Sajili namba upya, kodi ya tarakimu sita inakuja kwa SMS, na ukiiweka yule mwingine anatolewa. Kama alikuwa ameweka PIN yake ya hatua mbili, utangoja siku 7 ndio uingie, lakini na yeye yuko nje. Laini yenyewe ikiwa imeibwa, anzia hapo: beba kitambulisho, irudishe kwanza. Na tafadhali, ile meseji ya "nimekutumia kodi kimakosa, nisomee" usimjibu mtu, hata akiwa na picha ya pasta wako.

Tatu, leta karatasi. Cheti cha jina la biashara unapata kupitia eCitizen, na ukikwama unaenda Huduma Centre. Kibali cha biashara cha kaunti kinafaa pia. Kampuni ikitaka uthibitishe kwamba jina ni lako, hizo ndizo zinaongea. Ukisajili alama ya biashara yako na KIPI, unapata njia nyingine ya kulalamika: kwamba mtu anatumia alama yako bila ruhusa. Ona sasa, tumerudi kwa hatimiliki. Kulima pekee hakutoshi.

Nne, usiibiwe mara ya pili. Ukilia mtandaoni kwamba akaunti imeenda, dakika chache tu unaona watu wakisema wanamjua "mtaalamu" wa kuirudisha, tuma elfu mbili kwanza. Huyo hana mlango wa siri. Ana shida yako tu.

Kuna kesi nyingine lakini, na hii ndiyo inauma zaidi. Hakuna mdukuzi. Ufunguo uko kwa yule mpwa, ama kwa msichana aliyekuwa anaajiriwa dukani, na mmekosana. Wakubwa wanapenda kusema, "Vijana ni wezi." Mimi kama kijana nauliza: mlimlipa? Alitumia simu yake, bando lake, usiku wake kujibu wateja, mwaka wa kwanza hadi wa tatu, na alipewa "asante" na soda. Kushikilia ukurasa wa mwenyewe ni makosa, sitetei. Jina la duka si lake na wateja si wake. Lakini jasho ni lake. Kabla ya kukimbia DCI, keti naye na mzee mmoja mnayemheshimu wote. Hesabuni kazi aliyofanya, mkubaliane, alipwe. Halafu akiwa amekaa hapo hapo, akuongeze kama msimamizi mwenye mamlaka yote, na uhakikishe kwa simu yako kabla muinuke. Mwandike karatasi, mtie sahihi. Nyaraka za namna hii wazee wetu walikosa kwa mashamba, ndiyo maana tunashinda kotini.

Wewe ambaye ukurasa wako bado uko salama, una bahati ya kazi ndogo. Leo jioni ukishafunga duka, fungua mipangilio ya ukurasa na uangalie orodha ya wasimamizi. Humjui mmoja? Uliza. Uko peke yako? Ongeza mtu mmoja unayemwamini kabisa, maana mmoja akifungiwa nje, mwingine anamrudisha. Angalia barua pepe na namba zilizoandikwa. Badilisha ziwe zako, laini iliyo kwa kitambulisho chako. Washa uthibitisho wa hatua mbili, na zile kodi za akiba uziandike kwa daftari la duka, si kwa simu ileile inayoweza kuibwa. Ujumbe ukikuja kwamba ukurasa utafutwa ndani ya saa 24 usipobonyeza mahali, usibonyeze. Hiyo haraka ndiyo mtego.

Hayo yote ni kama saa moja hivi. Babu zetu hawakupewa saa moja ya kurekebisha daftari la ardhi. Kalamu ilikuwa ya mwingine. Hii ya leo iko mkononi mwako, na bado hujachelewa.

Niambie kwa komenti: ukurasa wa biashara yako uko kwa jina la nani? Kama hujui, acha kusoma sasa, nenda uangalie.