Goli la Peter Tino (sehemu ya 3)

Dada zangu wa Karagwe na Kyerwa, mkisikia 1979 mnakumbuka vita ya Kagera tu. Lakini mwaka huohuo, vita ikiwa imeisha juzijuzi, Taifa Stars walienda Ndola, Zambia. Dar walishashinda 1-0, sare ilitosha. Zambia wakatangulia kufunga. Mshambuliaji wetu Peter Tino akasawazisha, 1-1! Tukafuzu Kombe la Mataifa ya Afrika 1980 kule Nigeria, mara ya kwanza kabisa. Tulirudi tena 2019. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa goli lile alishafika miaka 40! Babu aliyesikiliza redioni huenda bado yupo hapo nyumbani. Leo jioni muulize, watoto wakiwa wamekaa karibu. Hawa wazee hawatungoji.